UZI: Claressa Shields alipanda ulingoni mara 78 kabla ya kulipwa. Mbeya tunawakimbiza mabinti kwenda wapi?

Loleza Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wa Rungwe na Kyela ugonile, wa Iringa na Njombe kamwene.

Ukikaa kwenye kumbi za mazoezi hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Mbalizi, utasikia Claressa Shields akitajwa kwa namna moja tu: yule Mmarekani aliyebeba ubingwa wa dunia pambano la nne. Promota akitaka kumsainisha binti anaanza na hilo. Binti akitaka kumlainisha mama yake anamalizia na hilohilo. Na mtu ambaye akirusha mkono wa kulia bado anasahau kuurudisha kidevuni, anakwenda kukata leseni ya ngumi za kulipwa.

Ni kweli mkanda ulikuja pambano la nne. Tarehe 4 Agosti 2017, Detroit, alimsimamisha Mjerumani Nikki Adler raundi ya tano, akaondoka na mikanda ya mabaraza ya ngumi ya WBC na IBF ya supamido, yaani kilo 76. Ila kabla ya mapambano hayo manne ya kulipwa alikuwa na 78 ya ridhaa, yaani yasiyo ya malipo. Alishinda 77. Kwa hiyo ule usiku wa Detroit ulikuwa wa 82 kwake, na huko kwenye zile 78 ndiko ubingwa ulikopikwa. Nitaeleza kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Shields alizaliwa Machi 1995 katika mji wa Flint, jimbo la Michigan. Flint ulikuwa mji wa viwanda vya magari vya General Motors. Viwanda vikaondoka, kazi zikaondoka navyo. Baadaye, kuanzia 2014, dunia nzima ikausikia kwa sababu ya maji ya bomba yaliyoingia sumu ya risasi. Baba yake, Bo Shields, alikuwa mtu wa ngumi za vichochoroni. Alifungwa binti akiwa na umri wa miaka 2, akatoka binti ana 9. Claressa mwenyewe amesema hadharani kwamba utotoni alifanyiwa ukatili wa kingono, na kwamba alikuwa na kigugumizi. Hayo siyataji kwa ajili ya huruma. Nayataja kwa sababu aliposimama mbele ya baba yake akiwa na miaka 11 na kusema anataka ngumi, alikuwa anaomba kitu kikubwa kuliko mchezo.

Baba alikataa. Alisema ngumi ni za wanaume. Na ni yeyeyule aliyekuwa amemsimulia habari za Laila Ali, binti wa Muhammad Ali, aliyekuja kustaafu na mapambano 24 bila kupoteza hata moja, la mwisho likipigwa Johannesburg mwaka 2007. Baadaye mzee akakubali, akampeleka Berston Field House kwa kocha Jason Crutchfield. Kocha naye hakuwa na mpango wa kufundisha msichana. Alimpa nafasi, akaona mtoto harudi nyuma, akabaki naye. Kuna kipindi binti aliishi kabisa nyumbani kwa kocha.

Sasa sikilizeni ya 2012. Mei mwaka huo, kwenye mashindano ya dunia kule Qinhuangdao, China, Shields alipigwa kwa pointi na Mwingereza Savannah Marshall. Hilo ndilo pambano pekee la ngumi alilowahi kupoteza, ridhaa na kulipwa. Alikuwa na miaka 17. Miezi mitatu mbele ikaja Olimpiki ya London, ya kwanza katika historia kuwa na ngumi za wanawake, tena uzani tatu tu: kilo 51, 60 na 75. Dhahabu zikaenda kwa Nicola Adams, Katie Taylor na huyu mtoto wa Flint, aliyemshinda Mrusi Nadezda Torlopova 19 kwa 12 kwenye fainali. Marshall, aliyempiga Mei, alitolewa pambano lake la kwanza palepale London.

Ningependa kila binti anayesoma hapa atulie na jambo linalofuata. Msichana wa miaka 17, dhahabu ya Olimpiki shingoni, familia haina kitu. Angeingia kulipwa wiki ileile. Hakuingia. Alikaa ridhaa miaka minne mingine: dhahabu ya dunia Jeju 2014, dhahabu ya michezo ya mataifa ya Amerika Toronto 2015, dhahabu ya dunia Astana 2016, kisha Rio 2016 ambako alimshinda Mholanzi Nouchka Fontijn na kuwa Mmarekani wa kwanza, mwanamke au mwanaume, kutwaa dhahabu mbili za ngumi mfululizo kwenye Olimpiki. Hapo ndipo akasema basi, sasa nalipwa.

Na udhamini uliotarajiwa baada ya London haukuja. Watu wa biashara hawakujua wamuuze vipi msichana mweusi anayesema waziwazi kwamba anapenda kupiga. Alishauriwa apunguze maneno hayo. Hakuyapunguza, na mimi kwa hilo namheshimu sana.

Naendelea kwenye posti inayofuata, simu inaishiwa chaji.

Loleza Juu

Nimerudi. Kwa nini ridhaa ni shule?

Kwenye kulipwa mpinzani anachaguliwa. Watu wanakaa mezani wanatafutiana mtu. Kwenye ridhaa karatasi inachomolewa, unayemkuta ndiye huyohuyo. Leo unapigana na mrefu anayekimbia, keshokutwa unapewa mfupi anayekuja na kichwa chini, na kati yao kuna usiku mmoja tu wa kulala na uzani wa kulinda. Ukimaliza mashindano matano ya namna hiyo umeonana na aina za watu ambazo kwenye kulipwa ungezizungukia miaka mingi. Na unavaa kofia ya kinga. Wanaume wameivua kwenye mashindano makubwa, wanawake bado wanaivaa, hata Paris 2024 waliivaa.

Faida yake ilionekana usiku mmoja. Tarehe 22 Juni 2018, Detroit, Shields dhidi ya Hanna Gabriels wa Kosta Rika, kilo 72 na nusu. Raundi ya kwanza haijaisha, wamekaribiana, Gabriels akapandisha apakati kutoka chini, ikapita katikati ya mikono, ikamkuta kidevuni. Shields akaenda chini. Mara ya kwanza kwenye maisha yake ya kulipwa, nyumbani kwao Michigan, mbele ya watu wake.

Tafuteni video muangalie anachofanya baada ya hapo. Hainuki kwa hasira. Anainuka, anarudi kwenye kazi yake. Anamaliza raundi. Raundi ya pili inaanza utadhani hakuna kilichotokea, na mwisho wa raundi kumi anashinda kwa pointi za majaji wote. Binti mwenye mapambano matatu ya ridhaa akidondoshwa raundi ya kwanza anakimbilia kulipiza, na anayekimbilia kulipiza ndiye anayedondoshwa mara ya pili. Utulivu ule mtu anaubeba kutoka huko nyuma alikopita.

Mengine nayapitisha haraka maana mnayajua. Aprili 2019 Atlantic City akamshinda Christina Hammer, aliyekuja na mapambano 24 bila kupoteza, majaji watatu wote wakaandika 98 kwa 92, mikanda yote minne ya mabaraza makubwa ya uzani ule ikawa yake. Januari 2020 akashuka kilo, akamshinda Ivana Habazin na kuwa bingwa wa uzani wa tatu akiwa na mapambano kumi tu ya kulipwa. Machi 2021, nyumbani Flint, akamshinda Marie-Eve Dicaire wa Kanada 100 kwa 90 kwa majaji wote, na hapo akawa mtu wa kwanza wa enzi hizi za mikanda minne kuikusanya yote katika uzani mbili. Mwaka huohuo akajaribu mchezo wa kupigana kwa mikono na miguu, akashinda la kwanza, akapoteza la pili. Sikupenda aingie huko, lakini ni maisha yake.

Halafu London, Oktoba 2022, ukumbi wa O2. Savannah Marshall tena. Miaka kumi imepita tangu China. Marshall sasa ana mapambano 12 ya kulipwa, kashinda yote, 10 kwa kuwalaza watu. Pambano lilipangwa Septemba likasogezwa kwa sababu ya msiba wa Malkia Elizabeth. Usiku mzima ulingoni walikuwa wanawake watupu, na ukumbi ukajaa. Shields akashinda kwa pointi, 97 kwa 93 mara mbili na 96 kwa 94. Deni la miaka kumi akalilipa nyumbani kwa mdai.

Baada ya hapo akapanda juu kabisa: Julai 2024 akamsimamisha Vanessa Lepage-Joanisse raundi ya pili na kubeba mkanda wa WBC wa uzani wa juu pamoja na wa WBO wa uzani wa juu mwepesi, Februari 2025 akamshinda Danielle Perkins palepale Flint na kukusanya mikanda yote ya uzani wa juu, Julai 2025 akaitetea dhidi ya Lani Daniels wa New Zealand. Hapo alifika mapambano 17, ushindi 17, ubingwa katika uzani tano.

Hayo ndiyo ya Shields. Karibuni.

Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene mkuu. Uzi mzuri, nimeusoma wote nikiwa kwenye foleni ya benki hapa Iringa.

Ila naongeza moja linaloniuma. Mnautaja Flint kwa ajili ya Shields, mbona hamkumbuki kwamba mji uleule umempa ubingwa mtu wa Kiswahili? Tarehe 1 Oktoba 2016, wiki chache kabla Shields hajapigana pambano lake la kwanza la kulipwa, Fatuma Zarika wa Kenya alimshinda Alicia Ashley pale Flint na kuchukua mkanda wa WBC. Alitoka Nairobi kwenda kupigana ugenini, majaji wa ugenini, na akarudi nao. Baadaye akautetea Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, 2018 akaenda Mexico akamshinda Yamileth Mercado kwao, mpaka Novemba 2019 Mercado alipolipiza.

Zarika alikuwa ameshakula miaka mingi ulingoni kabla ya Flint, na alikuwa amepoteza mapambano kadhaa. Kwa hiyo nakubaliana na hoja yako ya subira, lakini nasema subira ina njia zaidi ya moja. Yeye aliipitia kwenye kulipwa hukohuko.

Loleza Juu

Ndaga fijo kwa hilo, mkuu. Na Zarika na Phiri wote ni majirani zetu. Zambia kwetu ni kuvuka Tunduma. Wazambia walishakuwa na Esther Phiri, kisha Catherine Phiri akashika mkanda wa WBC wa bantamu. Mwanamke bingwa wa dunia aliishi upande wa pili wa mpaka tunaovukia kila siku na magunia, na hapa tunazungumza kama vile ubingwa ni kitu cha Detroit.

Kuhusu njia ya Zarika, ndiyo, alifika. Lakini hesabu ni wangapi walianza naye kwa njia ile wakaishia njiani bila jina. Conjestina Achieng aliwahi kuwa fahari ya Kenya nzima mwaka 2004, akaingia kwenye historia ya wanawake wa Afrika kwenye ngumi. Maisha baada ya ulingo yalimwendea vibaya, na watu waliomshangilia wakachelewa sana kumfikia. Mimi nikimfikiria yule dada moyo unaniuma.

Fundi wa Makambako

Mimi nitasema ambalo wengi hawasemi. Ridhaa haina hela.

Binti anatoka Makambako au Igawa, nyumbani kuna wadogo zake wanne. Asubuhi yuko shambani kwenye viazi, jioni anakimbia barabarani malori yakimpita. Wewe unamwambia apigane bure mara 78? Nauli ya kwenda mashindano Dar anatoa nani? Akipewa pambano la raundi nne la kulipwa, hata kama ni pesa ndogo, inanunua mbolea. Shields alikuwa na kamati ya Olimpiki ya Marekani nyuma yake inampa posho. Sisi tuna nani? Tusiwalaumu mabinti wala tusiwalaumu mapromota wote.

Mama Isyesye

Naomba kuuliza kama mzazi, wanangu. Binti yangu ana miaka 18, anapenda ngumi kweli. Amepata mtu anataka kumsainisha. Baba yake hataki kusikia. Mimi sijui chochote kuhusu mchezo huu. Nimwambie nini?

Loleza Juu

Fundi, nimekusoma vizuri, na hoja yako ni nzito kuliko zote humu. Sitaijibu kwa maneno matamu.

Ni kweli ridhaa hailipi kwa pambano. Lakini hapa Tanzania ridhaa ndiyo mlango wa ajira ya mwanamichezo, na kulipwa sivyo. Timu za ngumi za ridhaa zenye nguvu ni za Ngome, JKT, Magereza na Polisi. Kijana akionekana kwenye mashindano anaweza kupata kazi yenye mshahara wa mwezi, matibabu, na muda wa mazoezi. Shaba mbili za michezo ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022, za Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike, zilitoka ridhaa. Pambano la raundi nne la kulipwa linanunua mbolea ya msimu mmoja, na ukipigwa matatu mfululizo jina limechafuka, hakuna anayekuita tena isipokuwa anayetafuta mtu wa kumpa ushindi bondia wake. Hao wapo wengi, na wanawapenda sana mabinti wa mikoani.

Mama, shikamoo. Nikueleze lililotokea kwenye familia yetu, kisha uamue mwenyewe.

Mtoto wa dada yangu alianza ngumi akiwa sekondari. Ana mabega ya kubebea debe la viazi tangu darasa la tano, na mkono wa kushoto mzuri mno. Akapigana ridhaa kidogo, mtu mmoja akamwona, akamwahidi makubwa. Sisi tukaambiwa mpinzani ni wa kilo zake. Siku ya kupima uzito mtoto wetu akapanda mizani mbele ya watu, ikasomwa. Mpinzani alifika jioni, amechelewa basi, kilo zake zikasomwa kutoka kwenye karatasi. Hakupanda mizani. Dada yangu akauliza, akajibiwa ilishapimwa alikotoka. Ulingoni kila mtu aliona. Yule dada alikuwa mkubwa kwa kumtazama tu, shingo na mapaja. Mwanetu alipiga raundi mbili vizuri, ya tatu akashikwa kwenye kamba, akapigwa mwilini mpaka mikono ikashuka. Alimaliza amesimama. Wiki nzima alikuwa anakojoa damu kidogo na hakutuambia, tukagundua kwa mama mwenye nyumba wake.

Alipona. Glovu hakuzigusa tena kwa muda mrefu. Na hakuna aliyempigia simu kumuuliza hali.

Kwa hiyo mama, huyo mtu anayetaka kumsainisha, muulize binti yako atapigana na nani, na wewe uende kwenye mizani uone kwa macho yako mpinzani akipanda. Muulize nani analipa daktari baada ya pambano. Omba mkataba nakala yako, umpe mtu mwenye elimu ya sheria ausome kabla binti hajaweka saini, na uangalie unamfunga kwa miaka mingapi. Leseni iwe ya kamisheni ya ngumi za kulipwa, pambano liwe na kibali chake. Mtu mwema hatachukia maswali hayo. Akichukia, umeshapata jibu.

Na baba yake usigombane naye. Baba wa Shields naye alikataa. Mpelekeni ukumbini amwangalie binti akifanya mazoezi kwa saa moja, akae kimya tu aangalie.

Mnyalukolo wa Kihesa

Pole sana kwa mtoto wa dada. Mambo ya kilo kusomwa kwenye karatasi nimeyaona huku pia.

Swali la ufundi, mkuu. Kuna jamaa huku Gangilonga wanasema Shields si bingwa wa kweli kwa sababu halazi watu. Mapambano 17, KO tatu. Unawajibuje?

Loleza Juu

Swali hili nalipenda.

Kwanza KO zenyewe: Szilvia Szabados raundi ya nne, Adler ya tano, Lepage-Joanisse ya pili. Ni tatu kweli. Sasa chukua saa. Pambano la ubingwa la wanaume ni raundi 12 za dakika 3, yaani dakika 36. La wanawake ni raundi 10 za dakika 2, yaani dakika 20. Mtu analazwa lini? Mara nyingi analazwa dakika ile ya tatu, pale miguu imechoka, mikono inashuka, na mpigaji ameshakusoma. Wanawake dakika hiyo wamenyang'anywa. Unampata mtu kwenye kona, unamlainisha, kengele inalia, anakwenda kukaa na kumwagiwa maji. Mara kumi.

Na jambo lisilo na mantiki kabisa: kwenye ridhaa, tangu 2017, wanawake wanapigana raundi tatu za dakika tatu, sawa na wanaume. Kwa hiyo binti wa ridhaa anaaminiwa dakika tatu, akiwa bingwa wa kulipwa anaambiwa mwili wake hauwezi. Amanda Serrano alipigana raundi 12 za dakika 3 na Danila Ramos Oktoba 2023, akashinda, na Desemba akauachia mkanda wa WBC kwa sababu baraza lile halikukubali mapambano ya namna hiyo kwa wanawake. Aliacha mkanda wa dunia kwa ajili ya dakika moja. Shields naye amekuwa akizidai dakika hizo kwa sauti kubwa. Na malipo yanafuata dakika: mwenye televisheni anasema mbona pambano fupi, analipa kidogo.

Hata hivyo mambo yanasogea. Aprili 2022 Katie Taylor na Serrano walikuwa pambano kuu Madison Square Garden, wanawake wa kwanza kufanya hivyo pale, kila mmoja akiripotiwa kupata zaidi ya dola milioni 1. London 2012 kulikuwa na uzani tatu za wanawake kwenye Olimpiki, Paris 2024 zikawa sita, na Los Angeles 2028 zimepangwa saba, sawa na wanaume. Mlango wa ridhaa unapanuka wakati huuhuu ambao sisi tunawatoa mabinti ridhaa mapema.

Hao jamaa wa Gangilonga waambie waangalie Hammer na Marshall walivyotoka ulingoni. Hawakulazwa, lakini nyuso zao zinasema.

Kocha wa Njombe

Salaam. Mimi nafundisha vijana huku Njombe, nina mabinti wachache. Niseme tatizo langu la kila siku, maana kila mtu anazungumzia mkanda.

Binti wa kilo 57 hana wa kupigana naye mazoezi. Namweka na mvulana wa kilo hizohizo, mvulana ama anamwonea huruma na kupiga hewa, ama anakasirika akiguswa na kupiga kweli. Hajifunzi chochote. Mabinti wako Mbeya, wako Iringa, wako Mafinga na Songea, kila mmoja peke yake kwenye ukumbi wa wanaume. Mnazungumza mapambano 78. Mimi natafuta binti mwingine mmoja wa kilo 57.

Mbio tunazo. Hewa ya huku juu na hii milima, pumzi siyo shida yetu. Mtoto wa Njombe akishuka Dar hachoki. Shida ni mtu wa kusimama mbele yake.

Fundi wa Makambako

Kocha umesema kitu. Sasa hilo ndilo linalowezekana bila kusubiri serikali wala promota. Makambako iko katikati. Basi la Mbeya linapita, la Iringa linapita, la Njombe na Songea linaingia hapahapa. Mara moja kwa mwezi makocha walete mabinti, Jumamosi asubuhi wapimwe kwa mizani moja mbele ya wote, wapigane raundi tatu za mazoezi wakiwa na kofia, jioni warudi makwao. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nguzo nne za ulingo nitatengeneza bure. Kamba na turubai mtafute.

Na nabaki na msimamo wangu kuhusu hela. Nauli za mabinti lazima zipatikane, vinginevyo watakuja wa mjini tu.

Mama Isyesye

Asanteni wanangu. Yule mtu nimempigia, nimemuuliza habari ya daktari na mizani. Amesema nina maswali mengi kwa mtu nisiyejua ngumi. Basi. Binti amelia kidogo, nimemsomea kidogo kuhusu Shields kukaa miaka minne baada ya dhahabu, amenyamaza, sijui anawaza nini. Hiyo Jumamosi ya Makambako ikiwepo nitamleta mwenyewe. Ana kilo 58.

Kocha wa Njombe

Mama, kilo 58 na 57 tunaelewana. Nitafute.

Loleza Juu

Fundi, nguzo nimezipokea kwa mikono miwili. Turubai naliulizia hapa Kabwe kwa wauza maturubai ya malori, nitaweka bei humu. Mtoto wa dada yangu nimemwonyesha uzi huu, amesema hatapigana ila atakuja kushika pedi na kusimamia mizani, kila mtu apande mbele yake.

Makocha wa Mafinga, Songea, Tunduma na Sumbawanga, andikeni hapa mna mabinti wangapi na kilo zao. Majina ya watoto msiweke, kilo tu na mji. Tukipata hata jozi nne tunapanga tarehe.